Pipa moja la asidi haliwezi kusafisha Coccinelle nzima

Msomaji wa Kamalondo ameniandikia hivi: «Yaya makaniki, jambo. Marehemu Papa alituachia Coccinelle, Volkswagen 1300 ya 1969. Imelala chini ya mwembe miaka mingi. Nimeifungua, vipande vimejaa kwenye makarai: bampa, kofia za magurudumu, vitasa vya milango, mabati ya injini, ngoma za breki, kabureta, springi na bolti kibao. Vingine vina kutu nyekundu, vingine vina unga mweupe, na kromu imekufa. Jirani ana pipa la asidi ya sulfuriki, anasema nitumbukize vyote usiku, asubuhi nisuuze na kupaka rangi. Mwingine anasema nipige mchanga. Nifuate nani? Na kromu naweza kuirudisha mwenyewe nyumbani? Ningependa nimalize kabla ya mvua.»

Mdogo wangu, pole kwa Papa, na hongera kwa kuifungua hiyo gari badala ya kuiuza kwa wapima chuma chakavu. Jirani yako mshukuru, halafu umwombe alifunike pipa lake. Na huyo wa mchanga mwambie asubiri, nitamfikia.

Asidi ya sulfuriki hapa kwetu Lubumbashi si kitu cha kushangaza. Sehemu kubwa ya shaba ya Katanga hutolewa kwenye mawe kwa asidi hiyo, na malori ya tangi yamekuwa yakiipitisha Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Kwa hiyo mtu akiona kutu, wazo la kwanza ni asidi. Lakini asidi haijui kutu inaishia wapi na chuma kinaanzia wapi. Ikishachanganywa na maji itakula kutu, ikimaliza itaendelea na chuma chenyewe. Tena Coccinelle haikutengenezwa kwa chuma kimoja. Mabati yake ni chuma laini, ngoma za breki ni chuma cha kusubu, vichwa vya silinda ni alumini, bloki ya injini ni aloi ya magnesi, kabureta ya Solex na vitasa vya milango ni aloi ya zinki. Ukivitumbukiza vyote usiku mmoja, asubuhi mabati yatakuwa yamenyauka, vitasa vitakuwa vimetoboka kama jibini, na bloki ikiingia humo itachemka mbele ya macho yako ikitoa hewa ya hidrojeni, inayosubiri tu cheche ya sigara.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutenga, na dawa unaichagua baadaye. Chukua sumaku, ya spika iliyokufa inatosha. Kinachonasa ni chuma cha aina moja au nyingine, kiweke upande wake. Kisichonasa kipime mkononi: aloi ya zinki ni nzito kwa umbo lake, alumini ni nyepesi, magnesi ni nyepesi zaidi. Ukibaki na shaka kati ya hizo mbili za mwisho, kwaruza mahali pasipoonekana na udondoshee tone la siki. Magnesi itatoa mapovu papo hapo, alumini itanyamaza. Kromu inadanganya, maana inapakwa juu ya chochote. Bampa yako inanasa sumaku kwa sababu ndani ni chuma, kitasa hakinasi kwa sababu ndani ni zinki, na kwa macho vyote viwili ni kromu ileile. Huo unga mweupe unaousema ni kutu ya alumini, ya zinki au ya magnesi. Dawa ya kutu nyekundu haihusiki nao.

Kabla ya dawa yoyote, toa mafuta. Watu wanaruka hatua hii kisha wanalalamika dawa haifanyi kazi, kumbe dawa haijaigusa kutu, inateleza juu ya girisi ya zamani. Kwarua matope na girisi kwa kijiti, osha kwa petroli ya taa (mafuta ya taa) na brashi, halafu maji ya moto na sabuni ya unga, usuuze. Usioshee esansi, yaani mafuta ya kuendeshea gari. Mvuke wake hutambaa chini hadi kwenye babula, jiko la makaa la jikoni, na nyumba nyingi za mjini zimebanana. Sehemu za breki usizipulize kwa kompresa wala kwa mdomo: bitana za gari za miaka hiyo zilikuwa na asbesto, na vumbi lake likiingia kwenye mapafu halitoki. Zilowanishe kwanza, uzifute na kitambaa, kitambaa ukifunge kwenye mfuko ukitupe.

Sasa chuma laini: mabati ya injini, vishikio, bolti za kawaida. Hapa ninapendelea asidi ya limau. Ni chembe nyeupe zinazofanana na sukari, wanaotengeneza juisi na pipi huzitumia, kwa hiyo si siri ya maabara. Pima gramu 50 hadi 100 kwa kila lita ya maji ya vuguvugu, ndani ya beseni la plastiki. Usitumie sufuria ya alumini. Kipande kizame chote, maana kikichungulia nje utapata mstari ulioliwa pale maji yanapoishia. Kutu nyepesi huachia kwa saa chache, ile nene huhitaji usiku mzima, na katikati unakitoa, unakipiga brashi, unakirudisha. Usikisahau humo siku nzima na zaidi, kwa sababu asidi hii nayo ikikosa kutu huanza kula chuma, ila ina subira kuliko ile ya jirani. Siki ya kawaida pia hufanya kazi, polepole zaidi.

Angalia vizuri kinachotokea kipande kinapotoka. Maji yamegeuka rangi ya chai, juu ya bati kuna tope jeusi linalopaka vidole, na chini ya tope chuma ni kijivu kilichofifia, hakina mng'ao. Hapo ndipo kazi nyingi huharibika. Kijana anafurahi, anakianika juani kikiwa kimelowa, anakwenda kunywa chai, akirudi kimevaa vumbi la rangi ya chungwa. Chuma kilichovuliwa kutu kiko uchi kabisa, na maji na hewa vinakirudia ndani ya dakika. Kwa hiyo panga mapema. Beseni la kwanza liwe la dawa. La pili liwe na maji na kijiko cha bikaboneti, ile soda ya kuokea mikate, kwa kila lita, ili kuua asidi iliyojificha kwenye mikunjo. Halafu mwagia maji ya moto sana, yanayokaribia kuchemka, ili chuma chenyewe kipate joto na kikauke haraka. Kitambaa kikavu kiwe begani tayari. Kama una kompresa, puliza kwenye mikunjo na matundu ya bolti. Kikikauka, kama rangi bado haiko tayari, kipake mafuta mepesi ya mashine, ila ujue utayaosha tena kwa thina kabla ya praima. Mawese usipake, hata kama bibi alipaka panga lake kwayo. Yanachacha, yananasa vumbi jekundu la kiangazi, na kuyaondoa ni kazi nyingine.

Kwa vipande vikubwa au vyenye kutu iliyochimba vishimo, kuna njia ya umeme. Unahitaji chaja ya betri ya volti 12, ile ya zamani yenye transfoma nzito. Za kisasa zenye akili hukataa kuwaka zisipoona betri. Weka maji kwenye pipa la plastiki, kijiko kimoja cha chakula cha soda ya kufulia, yaani kaboneti ya sodiamu, kwa kila lita nne. Ukiikosa, kaanga bikaboneti kwenye kikaango cha chuma juu ya babula huku ukikoroga, mpaka iache kutoa mvuke; itakuwa imegeuka kaboneti. Waya hasi unashika kipande chako, waya chanya unashika vipande vya chuma kikuukuu vilivyosimama pembeni bila kukigusa. Ukigeuza nyaya, kinacholiwa ni kipande chako. Umeme huu husafisha upande unaotazamana na kile chuma kikuukuu, kwa hiyo zungushia vyuma pande zote au ugeuze kipande mara kwa mara. Uzuri wake ni kwamba hauli chuma kizima: kutu ikiisha, kipande kinabaki kimekaa tu, na usiku umeme ukikatika hujapoteza kitu zaidi ya muda.

Makatazo ni machache, ila ni ya maisha. Usitumie chumvi ya mezani badala ya soda, maana utatengeneza hewa ya klorini. Usitumie chuma kisichoshika kutu upande wa chanya, hata kama kinaonekana kisafi na kinadumu, kwa sababu kromu iliyomo huyeyuka majini na kugeuka sumu inayoleta kansa. Fanya kazi nje, kwani pipa linatoa hidrojeni, na uzime chaja ukutani kabla ya kugusa kibanio chochote. Na alumini isiingie humo, soda inaila.

Kuna chuma kisichotaka asidi wala umeme: springi zote na bolti ngumu. Tazama namba ya nguvu kwenye kichwa cha bolti. Ukiona 8.8, haina matatizo makubwa. Ukiona 10.9 au 12.9, iache. Hidrojeni inayotolewa na asidi au umeme hupenya ndani ya chuma kigumu na kukifanya chepesi kuvunjika. Kwa macho kitakuwa kisafi, siku ya kukazwa au siku ya shimo la barabara kitakatika bila kuinama. Hivyo visugue kwa brashi ya waya na mafuta. Bolti ya usukani au ya breki iliyochimbika, usiisafishe. Nunua mpya.

Ngoma za breki piga brashi ya waya nje tu, upake rangi nyembamba ya joto. Ndani, pale bitana zinaposugua, pasipakwe chochote. Kama kuna kutu nyepesi, msasa unatosha, na kama kuna makorongo, fundi wa tono, mashine ya kukereza chuma, ndiye atakayepima kama bado zina unene unaoruhusiwa.

Kabureta ifungue juu ya sinia jeupe, upige picha kila unapotoa skrubu. Petroli ya taa, brashi laini, maji ya vuguvugu na sabuni, halafu hewa kwenye kila njia. Jeti, vile vipande vidogo vyenye tundu la kupitishia esansi, usizichokoe kwa waya wa chuma. Tundu lake limepimwa kwa sehemu za mia za milimita, ukilipanua kidogo tu gari itakunywa esansi mpaka uichukie. Kabureta ya zinki haitang'aa kama kijiko, na haihitaji kung'aa. Rangi ya kijivu iliyokolea ndiyo ngozi inayoilinda.

Bloki ya magnesi ni suala la moto. Ioshe, ipige brashi ya nailoni au ya shaba njano kwa mkono, basi. Mtu asikuletee mashine ya kusaga yenye waya. Vumbi la magnesi likirundikana na kupata cheche huwaka kwa mwanga mweupe unaoumiza macho, na ukimwagia maji unauchochea. Ukilazimika kuikwarua popote, weka karibu ndoo ya mchanga mkavu.

Tumfikie basi huyo wa mchanga. Mchanga wa mto una silika, na ukipigwa kwa kompresa unapasuka kuwa vumbi lisiloonekana linalokakamaza mapafu. Sisi watu wa migodi hatuhitaji kuelezwa ugonjwa huo, kila mtaa una mzee anayekohoa. Mwingine atakushauri skori ya shaba, yaani masalia ya kuyeyushia shaba, maana mlima wake uko pale karibu na bomba refu la kiwanda, na ni kweli duniani skori hutumika kwa kazi hii. Lakini skori yetu ina kobalti na zinki, haikuchujwa kwa ajili yako, na uwanja wa nyumba wenye watoto si mahali pake. Zaidi ya hapo, bati la Coccinelle likipigwa kwa nguvu mahali pamoja hupata joto, hupinda na kujaa mawimbi, na hakuna mastiki, ile pati ya kujazia bati, itakayolinyoosha. Kupiga kunafaa vitu vinene, kwenye karakana yenye chumba kilichofungwa, kwa gololi za kioo au unga wa alumina, na mpigaji avae kofia inayoletewa hewa safi. Huna hivyo, usipige. Hata msasa tumia ule wa maji, kwa sababu rangi za miaka hiyo mara nyingi zina risasi, na vumbi lake halifai mtoto kulila.

Kromu. Hapa nitakuvunja moyo kidogo. Kromu ya bampa ni utando mwembamba mno, chini ya elfu moja ya milimita. Kinacholinda chuma ni nikeli iliyo chini yake, ambayo ni nene mara nyingi zaidi. Vitone vya kutu unavyoviona havikuanzia kwenye kromu. Vimetoka kwenye chuma cha ndani, vikapita kwenye vitundu vya nikeli. Ndiyo maana asidi ni adui mkubwa wa bampa: inaingia kwa vitundu hivyohivyo na kumenya kromu kutoka chini.

Jaribu hivi kwenye kofia moja ya gurudumu. Ioshe, kata karatasi ya alumini ya jikoni, ikunje, ilowanishe kwa maji, sugua kutu kwa duara ndogondogo bila kukandamiza. Alumini ni laini kuliko kromu, kwa hiyo haiikwaruzi, na tope la kijivu litatoka pamoja na kutu. Futa, tazama. Kama kimebaki kitone cheusi kidogo kama ncha ya sindano na pembeni mng'ao umerudi, umeshinda: paka nta, rudia kila baada ya miezi michache. Kama mng'ao umenyanyuka kama ganda la kitunguu, hakuna usuguaji utakaourudisha.

Na kupaka kromu nyumbani, jibu ni hapana. Maji yake yana kromu ya aina ileile ya sumu niliyoitaja, na mvuke wake hutoboa hadi ukuta wa ndani wa pua. Bampa iliyomenyeka una njia mbili za heshima: kuituma kiwandani, Afrika Kusini wapo wanaofanya kazi hiyo, au kununua mpya ya kuiga, maana Coccinelle bado inatengenezewa vipuri. Mimi kwa gari ya mzazi ningeacha kasoro ndogo zibaki. Bampa yenye vitone lakini iliyonyooka inapendeza kuliko ile iliyopakwa rangi ya fedha ya kopo, ambayo huonekana ya uongo kutoka upande wa pili wa barabara. Vitasa vya zinki vikiwa na mapele, usivikwangue. Pele likipasuka linaacha shimo.

Kuhusu msimu umeuliza vizuri. Kiangazi ni kikavu, lakini Juni na Julai usiku wetu hushuka chini ya nyuzi 10, na praima ya epoksi haipendi baridi, inabaki laini siku nyingi na kukudanganya kuwa imekauka. Tumia miezi hiyo kuvua kutu na kupaka mafuta mepesi, maana hewa kavu inakupa nafasi kidogo. Kupaka kupangie Agosti na Septemba, kuanzia saa nne asubuhi, baada ya kumwagia maji sakafu na uwanja ili vumbi lilale. Siku ya kupaka, osha mafuta na umalizie kutu kwenye vipande unavyoweza kuvipaka siku hiyohiyo, visizidi. Sugua kwa msasa namba 120 au 180, futa kwa thina safi, usishike tena kwa mkono mtupu, paka epoksi mikono miwili, yaani tabaka mbili. Mastiki ije juu ya epoksi. Ikiwekwa juu ya chuma kitupu inanyonya unyevu na kuanza kutu upya gizani. Pale vishimo vilipochimba sana mpaka huwezi kuvimaliza, dawa yenye asidi ya fosforiki inageuza kutu iliyobaki kuwa tabaka gumu, ila soma kopo la epoksi yako kwanza, nyingine hazishiki juu yake.

Mabati ya injini yapake jeusi, mkono mwembamba. Silinda usizirembe. Injini ya Coccinelle inapozwa na hewa, na rangi nene kwenye mapezi yake ni blanketi. Bomba la moshi linataka rangi ya joto ya silikoni, ambayo hukomaa kwa moto wa injini yenyewe: washa dakika kumi, zima ipoe kabisa, washa tena kwa muda mrefu zaidi, na usishtuke ikifuka moshi siku ya kwanza.

Wakati wa kufunga, bolti zinazoingia kwenye bloki zirudishe zilezile au za aina ileile. Usiweke za chuma kisichoshika kutu kwa sababu zinang'aa: zikikutana na magnesi na unyevu wa Desemba, magnesi ndiyo inayoliwa, na siku ya kuifungua tena nyuzi zote zitatoka na bolti.